Zafarani, Siri ya Taifa

Ipo nchi moja inaitwa Unyamavu. Usiitafute kwenye ramani, maana ramani zake ni siri, na aliyezichora alistaafishwa kwa manufaa ya umma kabla hajamaliza upande wa mashariki. Ni nchi njema. Ina mvua, ina milima, ina Bwawa la Mapambazuko lililojengwa juu kidogo ya mji wa Bondeni, na ina viongozi wanaolala vizuri. Haya ninayoyasimulia nimeyapata kwa watu wanaoaminika, na kama kuna mtu ataona yanafanana na ya kwao, basi hayo ni yake na macho yake.

Zamani watumishi wa Unyamavu walizungumza kwenye simu ya upepo kama watu wanavyozungumza dukani. Mlinzi wa bwawa akiona maji yamepanda, alibonyeza kitufe akasema maji yamepanda, na mtu wa Bondeni akakaa tayari kwenye king'ora. Mambo yakaenda hivyo mpaka siku Waziri wa Maji alipotakiwa kwenda kuzindua bomba. Waziri alikuwa amelala. Msafara ukamsubiri, kwaya ikamaliza nyimbo zake zote ikaanza tena ya kwanza, na dereva wake akawa anatangaza hewani kila hatua: Mheshimiwa bado anakoroma, Mheshimiwa ameamka, ameuliza leo ni siku gani, Mheshimiwa amelala tena. Kumbe wauza samaki wa soko la Bondeni walikuwa wamenunua redio kuukuu kwenye mnada wa serikali, na zilikuwa zinanasa kila kitu. Soko zima likacheka. Samaki wakaharibika siku ile kwa sababu hakuna muuzaji aliyeweza kusimama wima.

Serikali ikakaa ikatafakari. Ingeweza kumnunulia Waziri saa ya kengele. Ingeweza kwenda sokoni kuzichukua zile redio. Badala yake ilitangaza kwamba adui ameingilia usalama wa taifa, na kwamba kuanzia hapo hakuna mtumishi atakayetaja kitu hewani kwa jina lake.

Kazi ya kutunga maneno mficho ikamwangukia Sikudhani Mtengela, mkuu wa chumba cha mawasiliano katika makao makuu ya Mamlaka ya Bwawa. Sikudhani alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti tulivu na hasira ya ndani kwa ndani iliyomtoka kwa njia moja tu: akiudhika, alipanga upya vikombe vya chai vya ofisi. Kwa namna ofisi ile ilivyokuwa ikiendeshwa, vikombe vyake vilikuwa vimepangika kuliko vya hoteli yoyote nchini.

Alikuwa na sababu ya kuifanya kazi ile vizuri. Mama yake mzazi, Bi Havijawa, aliishi Bondeni, nyumba ya mwisho kabisa kabla ya mto. Mguu wake mmoja ulikuwa umevimba siku nyingi na hauendi ila kwa kubembelezwa. Sikudhani alikuwa amemsihi ahamie mjini kwake mpaka midomo ikamkauka, na mama kila mara alijibu kwamba mabata wake hawajazoea ghorofa. Kwa hiyo siku ukuta wa bwawa utakapozidiwa, Sikudhani alijua vizuri maji yatabisha hodi kwa nani kwanza.

Akachagua maneno ya jikoni, kwa kuwa mtu akitishika husahau mengi lakini jiko hulikumbuka. Chumvi maana yake hali ni shwari. Ukoko, maji yanapanda. Moshi, maji yamevuka ukuta, piga king'ora, watu wote wapande mlimani. Aliwafundisha Makwega, mlinzi wa bwawa, na Chande, mpokeaji wa kituo cha Bondeni, na wote wawili wakawa wameyashika kabla chai yao haijapoa. Wauza samaki wakasikiliza habari za chumvi wiki nzima, wakachoka, wakarudi kwenye biashara yao. Kwa muda mfupi sana, nchi ya Unyamavu ikawa na siri inayofanya kazi.

Kitu kinachofanya kazi hakikosi kuundiwa kamati.

* * *

Kamati ya Taifa ya Maneno Mficho iliongozwa na Mheshimiwa Daktari Kanali Mstaafu Kihenge. Udaktari alipewa na chuo kikuu ambacho yeye alikipa geti. Ukanali aliupata katika vita ambavyo, kwa kuwa ni siri, havijulikani vilipiganwa na nani. Alikuwa na tumbo la kuheshimika na mazoea ya kufumba macho anapozungumza, ili asikatizwe na nyuso za wanaomsikiliza.

Sikudhani aliitwa mbele ya Kamati akaeleza maneno yake matatu. Mheshimiwa Kihenge akasikiliza, akafumba macho, akasema kwamba anamshukuru binti huyu kwa juhudi zake, lakini dola haiwezi kuwekwa kwenye sufuria. Chumvi ni kitu cha bei rahisi. Ukoko ni aibu ya mpishi. Na moshi, Mheshimiwa alisema kwa uchungu, moshi ni neno la watu wasio na gesi. Je, wageni wakisikia kwamba katika nchi yetu hatari kubwa kuliko zote inaitwa moshi, watatufikiriaje?

"Hata hatari," alisema, "lazima iwe na hadhi."

Wajumbe wakapiga meza. Baada ya vikao vingi, vyote vyenye chakula cha mchana, wakaafikiana kubaki jikoni kwa kumheshimu binti, ila wapande daraja. Chumvi na ukoko yakaachwa kwa ajili ya mambo madogo; moshi likafutwa, na badala yake likawekwa neno ambalo Sikudhani hakuambiwa. Alitolewa nje kabla halijatajwa. Alisimama kwenye ukumbi wa nje akilitazama zulia, akisikia makofi kupitia mlangoni, na mikono yake ikawa inatafuta vikombe.

Kwa nini alitolewa? Kwa sababu Kamati ilikuwa imegawa watumishi katika madaraja ya siri. Daraja la Kwanza lilikuwa la wajumbe wenyewe. Sikudhani alipewa la Tano. Makwega na Chande walipewa la Saba, pamoja na wafagizi na paka wa ghala. Na kwa kuwa maji kuvuka ukuta ni jambo kubwa kuliko yote, neno lake lilikuwa la Daraja la Kwanza tu.

Aliporudishwa ndani, Sikudhani akaomba kuuliza swali, akaruhusiwa. Akasema kwamba, kwa ruhusa ya Mheshimiwa, mlinzi wa bwawa ndiye atakayeyaona maji, na mpokeaji wa Bondeni ndiye mwenye king'ora. Sasa mtumaji hajui neno la kutuma, na mpokeaji hajui neno la kupokea. Ujumbe utafikaje?

Mheshimiwa Kihenge alifungua macho, jambo alilolifanya mara chache.

"Binti yangu, siri ikishajulikana na mpokeaji, tena itakuwa siri ya nani?"

Akaelezwa utaratibu. Makwega akiyaona maji yanavuka, ataomba kwa simu ya upepo apewe neno. Ombi litapanda kwenye Kamati. Kamati ikiridhika kwamba maji yamevuka kweli, itamkabidhi neno kwa muda, alitume, kisha alirudishe. Sikudhani alirudi ofisini akavipanga vikombe kwa rangi, halafu kwa ukubwa, halafu akakalia kiti chake akalia kidogo kwa hasira, bila sauti, maana simu ya upepo ilikuwa wazi.

* * *

Mambo mengine nayataja kwa kupita tu. Waheshimiwa nao walitaka majina mficho. Wa kwanza akachagua Simba. Wa pili akasema kama yule ni Simba, yeye hawezi kuwa chini ya Simba, naye akaitwa Simba. Mwishowe Kamati nzima ikawa Simba, isipokuwa mjumbe mmoja mnyenyekevu aliyekubali kuwa Simba Mdogo, naye alinuna mpaka akapandishwa. Tangu hapo Sikudhani akimwita Simba hewani, walijibu wote kwa pamoja, kisha wakaanza kuulizana wewe ni Simba wa wapi.

Ukatoka pia waraka, uliobandikwa kila kituo. Ulisema kwamba adui huenda akaingia hewani na kujifanya mtumishi, na adui hutambulika kwa jambo moja, kwamba hajui maneno mficho, hivyo atasema waziwazi. Kwa hiyo ujumbe wowote utakaoeleweka usiaminiwe. Chande wa Bondeni, ambaye alikuwa mtu mwaminifu na mwenye watoto wa kusomesha, aliubandika waraka ule juu ya kitufe cha king'ora, mahali ambapo hawezi kuukosa.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa uzinduzi.

Katika Unyamavu hakuna jambo linaloanza bila kuzinduliwa. Choo cha shule huzinduliwa. Taa ya barabarani huzinduliwa, na ikiungua, balbu mpya huzinduliwa na mgeni rasmi mwingine. Sasa iweje maneno mficho ya taifa yaanze kutumika kimyakimya, kama kitu cha wizi? Mheshimiwa Kihenge alisema haiwezekani. Na uzinduzi bila fulana na kofia si uzinduzi, ni mkutano tu.

Basi sherehe ikafanyika kwenye uwanja wa mpira wa Bondeni, kwa kuwa ndio mji unaohusika. Kwaya ikaimba. Ngoma zikachezwa. Mgeni rasmi akavuta kitambaa, na chini yake likaonekana neno la Daraja la Kwanza, kwa herufi za dhahabu: ZAFARANI. Vijana wakagawiwa fulana zilizoandikwa ZAFARANI kifuani, na mgongoni SIRI YETU, FAHARI YETU. Akina mama wakapewa kila mmoja doti ya kanga. Na kanga, kama ujuavyo, haiwezi kutoka kiwandani bila jina lake pale chini. Kamati ilikuwa imeliumizia kichwa jina hilo, ikalipata, na likachapwa kwenye kila kanga: ZAFARANI IKITAJWA BONDENI SIKAI.

Kisha mgeni rasmi akawaapisha watu wote waliokuwa uwanjani wasimwambie mtu. Wakaapa.

Waliokosa uzinduzi ule ni watu watatu tu. Makwega alikuwa kwenye bwawa. Chande alikuwa kwenye kituo. Na Sikudhani alikuwa makao makuu, ameshika simu ya upepo, kwa sababu lazima mtu aishike.

* * *

Baada ya wiki Bi Havijawa alikuja mjini kumwona mwanawe. Alipanda ngazi za makao makuu taratibu, ngazi moja akipumzika, ngazi ya pili akiulaani mguu, akaingia chumba cha mawasiliano amejitanda kanga mpya.

Sikudhani alimwona, akaliona jina, akafumba macho haraka.

"Mama, geuka."

"Nigeuke nini, mwanangu? Nimepanda ngazi zote hizi nije kukuonyesha mgongo?"

"Hicho ulichovaa sina daraja la kukisoma."

Mama akajitazama, akamtazama mwanawe, akauliza kama serikali inampa chakula cha kutosha. Sikudhani akamweleza. Bi Havijawa alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba mji mzima wa Bondeni unalijua neno, watoto wanaruka kamba kwa kuliimba, na mwenye duka la vitenge ameliweka kwenye kibao chake. Sikudhani akasema anajua. Ndicho kinachomtesa, kwamba anajua.

Na kwa kuwa alikuwa mtumishi mwadilifu, akajiripoti. Sheria ilisema mtumishi wa daraja la chini akiliona neno kwa bahati mbaya, atalisahau mbele ya Kamati. Akapelekwa. Akaulizwa neno ni lipi. Akajibu hajui. Akaulizwa tena kwa ukali, akajibu hajui. Kamati ikaridhika kwamba amesahau, ikampa cheti cha kusahau chenye muhuri, akaambiwa akiweke ukutani. Alikitundika juu ya vikombe. Kila alipokitazama aliona neno Zafarani, ingawa halikuandikwa pale.

* * *

Mvua za mwaka ule zilinyesha bila kuchukua likizo. Asubuhi moja, wakati Kamati yote iko hotelini kwenye Semina ya Kuimarisha Usiri, simu ya upepo ikakoroma, na sauti ya Makwega ikatoka.

"Chumba Kikuu, Chumba Kikuu, nina jambo. Ova."

Sikudhani akamwambia aseme.

"Ni jambo la Daraja la Kwanza, dada. Mimi niko la Saba. Naomba nipewe neno. Ova."

Akamwuliza kama ni ukoko. Makwega akasema ukoko ulipita alfajiri. Akamwuliza kama anayaona maji yanapita juu ya ukuta. Makwega akasema, taratibu, kama mtu anayeapa mahakamani, kwamba anachokiona hana daraja la kukiona, lakini miguu yake imelowa na yuko juu ya ukuta.

Sikudhani akaikumbuka nyumba ya mwisho kabla ya mto. Mama yake muda huu atakuwa anawapa mabata chakula, ameukunja mguu kwenye kigoda, ameupa mto kisogo. Akaita Simba. Wakajibu wote. Wakaulizana ni Simba yupi anayetafutwa. Akapaza sauti kwamba anamtaka yeyote. Jambo hilo likawaudhi, kwa kuwa hakuna kati yao aliyekuwa yeyote.

Mwishowe Mheshimiwa Kihenge akaishika simu mwenyewe. Sikudhani akamweleza kwamba mlinzi anaomba neno, na anaomba sasa hivi. Mheshimiwa akasema ombi limepokelewa. Akidi ya Kamati haijatimia, kwa sababu wajumbe wawili wamekwenda kujilipia posho ya jana. Watakaporudi, agenda hii itaingizwa kwenye mengineyo.

"Mheshimiwa, watu watakufa."

"Binti, hewani hatusemi watu. Tunasema mizigo."

Akakata.

Sikudhani akabaki na kifaa mkononi. Hapo ndipo ile hasira ya miaka, ile iliyokuwa ikiishia kwenye vikombe, ilipokosa pa kwenda. Akabonyeza kitufe akamwita Chande wa Bondeni, na akasema kwa Kiswahili cha kawaida, kile alichofundishwa na mama yake, kwamba maji yamevuka ukuta wa bwawa, piga king'ora, watu wapande mlimani.

Kukawa kimya cha kutosha mtu kusoma waraka uliobandikwa ukutani.

"Chumba Kikuu, nimepokea. Naomba tafsiri. Ova."

"Hakuna tafsiri, Chande. Maji. Maji yanakuja. Kimbieni."

"Nimeelewa," Chande akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye huzuni kubwa. "Na kwa kuwa nimeelewa, siwezi kuamini. Nisamehe, dada, kama kweli ni wewe. Ova."

Sikudhani akapiga kelele mpaka vikombe vikagongana. Alimtajia Chande jina la mkewe, akamtajia siku aliyoazima sukari kwake, akamwambia king'ora kiko juu ya kichwa chake, anyooshe mkono tu. Kila alivyozidi kusema waziwazi ndivyo Chande alivyozidi kusadiki kwamba huyu ni adui, na adui aliyejiandaa vizuri sana. Mkono hakuunyoosha.

Sikudhani akainua macho akakiona cheti cha kusahau. Akakitazama. Halafu akabonyeza kitufe, akavuta pumzi, akasema:

"Zafarani. Zafarani. Zafarani."

Chande akajibu haraka kwamba neno hilo haruhusiwi kulisikia, na kwa mujibu wa kanuni anafunga simu. Akafunga.

Sikudhani aliweka kichwa juu ya meza. Aliona kazi yake yote, na akili yake yote, na mama yake, vimekwenda pamoja.

* * *

Lakini sokoni Bondeni, chini ya meza za samaki, zile redio kuukuu bado zilikuwapo. Serikali ilikuwa imebadilisha lugha ya taifa zima la watumishi na haikwenda kuzichukua. Wauza samaki walikuwa wakiziacha zikikoroma wanapopaa magamba, kwa mazoea tu, wakingoja labda Waziri mwingine atalala.

Muuza perege mmoja ndiye aliyelisikia. Akaweka kisu chini. Mwanamke aliyekuwa akichagua samaki mbele yake alikuwa amejitanda ile kanga, na jina lilikuwa pale pale, usawa wa macho yake. Alilisoma, akasimama, akatangaza soko zima kwamba Zafarani imetajwa.

Hakuna aliyeomba tafsiri. Watoto waliacha kamba. Wenye fulana wakawabeba wasio na nguvu. Wauza samaki walikwenda nyumba kwa nyumba, na nyumba ya mwisho kabla ya mto wakamkuta Bi Havijawa ameshasimama, ameshika bata kwapani, anawauliza wamechelewa wapi. Wakambeba kwenye toroli la barafu.

Njia ya mlimani ilipita mbele ya kituo cha simu ya upepo. Kupitia dirishani watu walimwona Chande amekaa wima, amefumba macho, ameziba masikio kwa mikono miwili, kama kanuni inavyotaka. Bi Havijawa akaamuru toroli lisimame.

"Wewe baba, toka humo."

"Nasubiri maelekezo, mama."

"Utayapata mlimani."

Akasema hawezi kuacha lindo. Akina mama wakaingia, wakamtoa pamoja na kiti, wakamweka kwenye toroli karibu na bata. Maji yalipofika, yalichukua soko, uwanja wa mpira, kituo, king'ora ambacho hakikulia, na nyumba ya mwisho kabla ya mto. Hayakuchukua mtu hata mmoja.

Kamati ilitimiza akidi saa ya chai, ikampa Makwega neno. Wakati huo Makwega alikuwa juu ya mti.

* * *

Unadhani Sikudhani alipewa nishani. Ndivyo na mimi nilivyodhani, mpaka nikaelezwa.

Alishitakiwa kwa kutoa siri ya Daraja la Kwanza, na kwa kukumbuka kitu ambacho serikali ilikuwa imethibitisha kwamba amekisahau. Cheti kikaletwa kama ushahidi. Mwendesha mashitaka alisimama akasema kesi hii haina utata. Mji mzima wa Bondeni uko hai. Kama siri ingetunzwa, watu hawa wangejuaje kukimbia? Aliiomba mahakama imtazame kila aliyenusurika kama kidhibiti.

Mheshimiwa Kihenge alitoa ushahidi akiwa amefumba macho. Alisema kilichomwuma si maji, maji ni mapenzi ya Mungu. Kilichomwuma ni kwamba neno lililotungwa kwa gharama kubwa, lenye hadhi, limetumika siku ya kwanza tu na wauza perege, nalo sasa halifai tena.

Sikudhani akaulizwa ana la kujitetea. Akasema alitaka kueleza tu alichokisema hewani na kwa nini. Hakimu akamzuia. Neno lile bado ni siri, na haliwezi kutamkwa mbele ya watu wasio na daraja. Hivyo mahakama ikaamuru watu wote watoke nje. Wakatoka wasikilizaji, wakatoka waandishi, wakatoka mashahidi. Karani akamgusa bega Sikudhani akamwambia na yeye pia, maana yuko la Tano.

Kwa hiyo kesi ya Sikudhani ikaendelea bila Sikudhani. Yeye alikaa kwenye benchi la nje, juani, na askari wa Daraja la Saba upande mmoja, na mama yake upande wa pili. Bi Havijawa alikuwa amejitanda ile ile kanga. Ndiyo nguo pekee aliyobaki nayo.

"Wanasema nini humo ndani?" mama akauliza.

"Siruhusiwi kujua."

"Na wakikufunga?"

Sikudhani akautazama mlango uliofungwa. Alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka maishani, na alikuwa na hasira ambayo hapakuwa na kikombe hata kimoja cha kuituliza.

Mlango ukafunguliwa. Karani akatoka, akanyoosha koti, akasoma hukumu kwa sauti kubwa: kwamba mahakama imemwona mshitakiwa kuwa Mbuni, na kwa mamlaka iliyonayo inamwamuru awe Pazia kwa kipindi cha Embe. Sikudhani akauliza maana yake. Karani akasema anasikitika, hukumu ni ya Daraja la Kwanza. Askari naye akauliza, kwa adabu, yeye sasa afanye nini. Karani akamwambia atekeleze hukumu kama ilivyosomwa, akarudi ndani akafunga mlango.

Wakabaki watatu kwenye benchi. Bi Havijawa akamgeukia askari.

"Baba, pingu unazo?"

"Ninazo, mama."

"Umeambiwa umfunge?"

"Sijui, mama. Labda nimeambiwa."

"Umeambiwa umwachie?"

Askari akafikiri sana. Jasho likamtoka. Akasema hilo nalo labda.

"Basi sisi tunakwenda," Bi Havijawa akasema, akauinua mguu wake kwa mikono miwili akaushusha chini. "Ukishatafsiriwa, utatukuta mlimani."

Wakaenda. Sikudhani alimshika mama mkono, na njia nzima alikuwa akingoja kuitwa nyuma. Hakuitwa. Yule askari, nasikia, bado yuko pale kwenye benchi, analetewa chakula na mkewe.

Mpaka leo Sikudhani hajui kama yuko huru au ametoroka. Wanaishi mlimani, katika kibanda walichojengewa na wauza samaki, karibu na cha Chande, na bata wawili walionusurika wamezoea. Bwawa linajengwa upya pale pale, na Bondeni inajengwa upya pale pale chini yake. Juzi Kamati imezindua neno jipya. Kwaya ikaimba, na Mheshimiwa Kihenge akawaapisha watu. Bi Havijawa alikwenda mapema, akakaa kwenye foleni na mguu wake, akarudi jioni na doti mbili, akamrushia mwanawe moja.

Sikudhani aliikunjua kanga yote juu ya mapaja yake. Safari hii hakufumba macho. Alilisoma lile jina, akalisoma tena kwa sauti, akamfanya mama naye alirudie, kisha akatoka nje akaenda kumfundisha Chande.